Je, ni haki kituo cha wanyama kumkataa mnyama aliyeletwa langoni?

Mlinda Lango

Wanajukwaa wenzangu, salamu kwenu nyote. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limewagawa viongozi wa kituo chetu kiasi kwamba mkutano wa mwisho ulivunjika kabla hatujafika kwenye ajenda ya pili.

Sisi ni kikundi cha majirani tulioanzisha kituo kidogo cha kuwahifadhi mbwa na paka wasio na makao. Hatuna mwajiriwa hata mmoja, na kila anayefika pale hujitolea baada ya kazi zake. Tuna vizimba 20, vilivyojengwa kwa makadirio ya mnyama mmoja kwa kila kizimba, au mama pamoja na watoto wake ikiwa bado wananyonya. Leo hii tuna wanyama 43. Mbwa wazima wanalala wawili wawili na pengine watatu, ghala la chakula limegeuzwa kuwa chumba cha paka, na uani kuna mbwa wanne waliofungwa minyororo mchana kutwa, jambo ambalo ndilo hasa tulilokuwa tukiwakataza watu tulipoianza kazi hii.

Mwezi uliopita watu wasiojulikana waliacha boksi langoni usiku, ndani yake mkiwa na watoto watatu wa mbwa. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi kwingine, tuliwachanganya na watoto wengine tuliokuwa nao. Ndani ya siku kumi hivi walianza kuhara damu, na kufikia mwisho wa wiki iliyofuata tulikuwa tumewazika tisa.

Tangu hapo kundi moja linasema lango lifungwe mpaka wanyama wapungue. Kundi la pili linasema kwamba mnyama tutakayemkataa leo tutamkuta kesho amekufa barabarani, na kwamba kituo kinachofukuza wanyama hakistahili jina hilo. Mimi ndiye ninayekaa langoni, kwa hiyo uamuzi wowote utakaotolewa nitautamka mimi mbele ya mtu aliyesimama na mbwa wake, na nakiri kwamba sijui niko upande upi. Kwa kumbukumbu tu, daftari letu linaonyesha kwamba tunapokea wanyama wapatao 15 kwa mwezi, na kila mmoja hukaa kwetu karibu siku 90 kabla ya kupata mlezi. Kati ya kila kumi tunaowakabidhi kwa walezi wapya, wawili au watatu hurudishwa.

Bibi wa Vizimba

Mjukuu wangu, pole kwa msiba wa hao tisa. Nimesimamia kituo kwa miaka kumi na saba na ninajua kwamba wale waliowazika wanaendelea kuwaona usingizini.

Mkutano wenu ulivunjika kwa sababu mlikuwa mnabishana kuhusu huruma, na katika huruma hakuna mshindi. Chukueni kwanza kalamu. Umesema mnapokea 15 kwa mwezi na kila mmoja anakaa miezi mitatu. Zidisha 15 kwa 3, utapata 45, na wewe unao 43. Kwa hiyo msongamano mlio nao haukuletwa na mwezi mmoja mbaya wala na majirani wabaya kuliko majirani wa mahali pengine; ni jibu la hesabu, na litabaki hivyo mwaka hadi mwaka hata mkifunga lango kwa mwezi mzima na kulifungua tena. Sasa igeuze hesabu hiyo. Mkiwa na vizimba 20 na wanyama 15 kwa mwezi, kila mnyama anapaswa kukaa siku 40. Mkitaka kubaki na siku 90 zenu, basi uwezo wenu ni wanyama 6 au 7 tu kwa mwezi. Mna namba mbili za kushika, yaani wanaoingia na siku wanazokaa, na nionavyo mmekuwa mkigombana juu ya ile ya kwanza huku ya pili ikiwa imelala pale daftarini bila kuguswa na mtu.

Siku hizo 90 zinakwenda wapi? Nilipojiuliza swali hilo mara ya kwanza niliona aibu. Tulikuwa na mbwa aliyekaa wiki tano akingoja mishono iangaliwe na daktari, na ilikuwa ni kazi ya dakika tatu. Tulikuwa na paka ambaye hakuna aliyejua kwamba anaruhusiwa kuchukuliwa, kwa sababu kadi yake ilisahaulika ndani ya droo. Watu waliotaka kuchukua wanyama walitakiwa kuja Jumamosi moja ya mwezi, wajaze fomu ya kurasa sita, kisha wangoje kutembelewa nyumbani na mjumbe ambaye hakuwa na muda. Tangu wakati huo, kila asubuhi watu wawili hupita mbele ya kila kizimba wakiwa na daftari na kuuliza swali moja tu: huyu anangoja nini leo? Kama anangoja chanjo, achanjwe leo. Kama anangoja picha, apigwe picha leo. Kama hangoji kitu chochote zaidi ya mlezi, basi aliyepewa jukumu la kumtafutia mlezi atajwe kwa jina. Siwezi kukuahidi kwamba siku zenu zitashuka hadi 40, ila nitashangaa sana zikibaki 90.

Kuhusu lango, neno “kukataa” ndilo linalowatia matatani. Sisi hatukatai, tunapanga. Mnyama aliyejeruhiwa, mgonjwa, mtoto asiye na mama, au mnyama aliyemng’ata mtu hupokelewa saa hiyo hiyo. Mnyama mzima na mwenye afya, ambaye ana pa kulala usiku wa leo, hupewa siku ya kuletwa, na mwenye mnyama huondoka na kipande cha karatasi chenye tarehe, si na jibu la hapana. Wengi wanaweza kungoja wiki mbili wakijua kwamba tarehe ipo. Na katika wiki mbili hizo mambo hutokea: jirani anajitokeza kumchukua, au hasira iliyomleta mtu langoni inapoa.

Tena, kabla ya kuandika tarehe, muulize mtu: ni kitu gani kingekuwezesha kuendelea kukaa naye? Usiulize kwa sauti ya hakimu. Utasikia majibu ambayo hukuyategemea. Mmoja atakuambia jike lake linazaa kila mara na hana uwezo wa kulifunga kizazi. Mwingine atasema mbwa anabweka usiku na mwenye nyumba amekasirika. Mwingine amekosa chakula cha mbwa mwezi huu tu. Gunia moja la chakula mnalompa mtu huyo ni dogo kuliko chakula ambacho mngempa mnyama wake kwa siku 90, na kizimba kimebaki wazi kwa ajili ya yule ambaye kweli hana mtu.

Mlezi wa Paka

Kwa heshima zote kwa Bibi, mimi sikubaliani. Nimekuwa nikiwalea paka wa mitaani nyumbani kwangu kwa miaka mingi, na nimeshawahi kurudishwa langoni na kituo fulani nikiwa na paka mikononi, nikaambiwa nirudi baada ya siku kumi. Siku kumi kwa karani ni mistari michache kwenye kalenda, lakini kwa paka asiye na pa kukaa ni maisha yake yote. Hesabu ni nzuri, ila wanyama hawasomi hesabu. Mtu aliyefikia hatua ya kumleta mnyama kituoni mara nyingi ameshaamua, na akirudishwa atamwacha porini au atamfungia kwenye gunia. Bora abanane na wenzake akiwa hai.

Bibi wa Vizimba

Mwanangu, sikuulizi una paka wangapi sasa, kwa kuwa hilo ni lako. Lakini mwenzetu ameandika hapo juu kwamba walibanana, na hawakubaki hai. Wale watatu walipokewa kwa huruma, na huruma hiyo ikawaua sita ambao walikwisha pokewa kabla yao. Ninachosema ni kwamba walio ndani nao ni wanyama, na ahadi tuliyowapa ya kuwalinda ilitangulia.

Nimewahi kuingia katika nyumba ambayo mwanamke mwema kupita kiasi alikuwa na paka zaidi ya sitini. Alianza na wawili. Hakuwahi kumkataa hata mmoja, na siku tulipoingia hakuweza kututajia ni wangapi walio wagonjwa, kwa sababu hakuwa na muda wa kumtazama paka mmoja mmoja tena. Sisemi kwamba wewe ndivyo ulivyo. Nasema njia inayoelekea kule haina kibao, na kila hatua yake mtu huiona kuwa ni wema.

Ila kwa yule karani aliyekupa siku kumi ilhali paka wako hakuwa na pa kulala usiku ule, alikosea, na hilo silitetei. Kupanga tarehe bila kuuliza usiku wa leo atalala wapi ni kukataa kwa jina jingine.

Daktari wa Mifugo

Ndugu Mlinda Lango, nitajifunga katika upande wa tiba, maana ndio nilio na haki ya kuuzungumzia.

Sikuwaona watoto wale wa mbwa, lakini kuhara damu na kufa kwa kasi hiyo baada ya kuchanganywa na wageni kunafanana sana na ugonjwa wa parvo. Kirusi chake huchukua kwa kawaida siku 3 hadi 7 tangu kuingia mwilini hadi dalili kuonekana, na wakati mwingine hufika siku 14, ndiyo maana karantini ya wageni inapendekezwa kuwa ya wiki mbili. Mtoto wa mbwa aliyeingia anachezacheza leo anaweza kuwa tayari ameshaambukizwa. Katika udongo wenye kivuli kirusi hiki huweza kuishi kwa miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haikiui. Osheni kwanza uchafu wote kwa maji na sabuni, kwa kuwa klorini hupoteza nguvu ikikutana na kinyesi, kisha tumieni dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, muiache juu ya sakafu dakika 10 kabla ya kusuuza. Mchanganyiko huo ufanywe upya kila siku, na wanyama wawe wametolewa. Udongo wa uani hamtaweza kuusafisha kwa njia hii, kwa hiyo watoto wa mbwa ambao hawajakamilisha chanjo wasikanyage pale kabisa.

Chanjo ndiyo iliyokosekana katika maelezo yako, na pengine ndipo mlipopoteza wengi. Katika kituo, mnyama huchanjwa siku ile ile anayoingia, ikiwezekana kabla hajafikishwa kwenye kizimba. Kungoja wiki moja “azoee kwanza” ni kumwacha wazi katika wiki iliyo ya hatari kuliko zote. Watoto wa mbwa walio katika kituo huanza kuchanjwa wakiwa na umri wa wiki 4 hadi 6, na hurudiwa kila baada ya wiki 2 au 3 mpaka wapite wiki 16, na penye hatari kubwa mpaka wiki 20. Watu huuliza kwa nini mara nyingi hivyo. Sababu ni kwamba mtoto hupata kinga kutoka katika maziwa ya kwanza ya mama yake, na kinga hiyo, ambayo ni jambo jema, huizima chanjo. Hupungua taratibu, kwa kila mtoto kwa wakati wake, na hakuna anayeweza kuitazama sura ya mtoto akajua imekwisha lini. Tunarudia ili mojawapo ya chanjo hizo ikute mlango umefunguka.

Utaratibu wa kufanya usafi nao una maana kubwa kuliko wingi wa dawa. Anzeni na watoto wenye afya, nendeni kwa wazima, kisha wageni walio karantini, na wagonjwa wawe wa mwisho, na aliyeingia kwa wagonjwa asirudi kwa watoto siku hiyo. Sijui ni mara ngapi nimeona kituo chenye dawa nzuri kikiambukiza ugonjwa kizimba kwa kizimba kwa ufagio mmoja. Na kwa kuwa mmewaweka paka ghalani, tahadharini na zile dawa za sakafuni zinazogeuka nyeupe kama maziwa zinapotiwa majini: nyingi zina fenoli, na fenoli ni sumu kwa paka.

Jambo la pili ni uzazi. Msimkabidhi mtu mnyama asiyehasiwa kwa ahadi kwamba atamrudisha kufanyiwa upasuaji, kwa kuwa wengi hawarudi, na si kwa ubaya, ni kwa shughuli za maisha. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, hubeba mimba kwa wiki 9 hivi, na anaweza kushika nyingine wakati bado ananyonyesha. Mbwa jike naye hubeba mimba kwa siku zinazokaribia 63 na huwa tayari kupandwa na dume mara mbili hivi kwa mwaka. Dume aliyehasiwa, jambo ambalo watu hulisahau, anaweza bado kutia mimba kwa wiki chache baada ya upasuaji, kwa hiyo asichanganywe na majike mapema.

La mwisho ni usalama wenu wenyewe. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza ugonjwa huo huua takriban kila anayeupata. Wote wanaowagusa wanyama pale kituoni wapate chanjo ya kinga kabla hawajang’atwa. Aking’atwa mtu, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa, si kwa makisio, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa anaonekana mzima. Mbwa huyo asiuawe kwa hasira. Atengwe na kuangaliwa kwa siku 10.

Aliyemrudisha

Nimesita sana kuandika, kwa sababu mimi ni mmoja wa wale wawili au watatu kati ya kumi.

Nilimchukua mbwa dume wa miaka mitatu. Nilimwona kizimbani amelala ametulia, na aliyenihudumia akaniambia kwamba ni mbwa mpole asiye na matatizo. Siku nne za kwanza alikuwa hivyo hivyo, hata nikawa na wasiwasi kwamba hanywi maji ya kutosha. Siku ya tano nilipotoka kwenda kazini aliutafuna mlango mpaka fizi zake zikatoka damu. Siku ya saba aliruka dirishani. Majirani walinieleza kwamba hulia tangu ninapofunga lango mpaka ninaporudi. Nilimrudisha siku ya tisa.

Pale kituoni nilipokewa na mtu ambaye hakuniuliza kilichotokea. Alisema, mbele ya watu wengine, kwamba watu kama mimi ndio wanaowafanya wanyama wateseke. Niliona aibu kiasi kwamba aliponiuliza sababu ya kumrudisha kwa ajili ya kuijaza fomuni, nilidanganya. Nilisema ninahama. Akaandika “mwenye mnyama anahama,” tukaagana.

Mpaka leo hilo linanisumbua kuliko kumrudisha kwenyewe. Mbwa yule alipelekwa kwa mtu mwingine, bila shaka kwa maneno yale yale kwamba ni mpole asiye na matatizo, na mtu huyo naye akatoka kwenda kazini na kufunga mlango. Ukweli kwamba mbwa huyo hawezi kuachwa peke yake nilikuwa nao mimi, na ndicho kitu cha thamani pekee nilichokuwa nacho cha kumpa, nikaondoka nacho. Iwapo mnataka kujua kwa nini wanyama wanarudishwa, muulize anayewarudisha, lakini kwanza mpe kiti.

Bibi wa Vizimba

Ahsante sana kwa kuandika haya. Ninayachapa na kuyabandika juu ya meza yetu ya mapokezi, ikiwa utaniruhusu.

Nyongeza ndogo kwa Mlinda Lango. Utulivu wa mbwa kizimbani mara nyingi ni hofu, na siku za kwanza nyumbani pia ni hofu. Tabia yake halisi huanza kujitokeza anapoanza kujiona yuko salama, na baadhi yao huchukua miezi kadhaa. Sisi tumeacha kutumia neno “mpole” kwenye kadi. Tunaandika tulichokiona: amekaa nasi siku 26, anakula watu wakiwa karibu bila kunguruma, hatujawahi kumwona na watoto, hatujui anafanyaje akiachwa peke yake. Tulidhani kadi za namna hiyo zingewafukuza watu. Badala yake walianza kutuamini, na wakaanza kutupigia simu siku ya tatu kabla mambo hayajaharibika. Nasi tunapiga kwanza, siku ya tatu na wiki ya tatu, kwa kuwa mwenye shida huona haya kuwa wa kwanza.

Na anayemrudisha mnyama hatuhesabu kwamba ameshindwa. Wanyama wengine hurudishwa mara mbili, kisha wakapata nyumba ya tatu iliyo yao hasa. Na kila mara kadi ya mnyama inarudi ikiwa imejaa zaidi.

Mlinda Lango

Shikamoo Bibi, na ahsante kwako Daktari. Dada, au kaka, uliyemrudisha mbwa, nimeisoma habari yako mara tatu. Nilichukua daftari letu nikatazama safu ya sababu za kurudishwa kwa mwaka mzima. “Anahama” imeandikwa mara 19. Nilipoandika sababu hizo kwa mkono wangu sikuwahi kujiuliza ni kwa nini watu wa mtaa mmoja wanahama hivyo, na wengine wao ninakutana nao bado barabarani.

Nina swali la ziada kwa Daktari, kwa sababu lilinifika jana. Mtoto wa shule aliniletea watoto watano wa paka ambao macho yao hayajafunguka, akasema wameachwa na mama yao chini ya ngazi. Tuliwapa maziwa ya ng’ombe na sasa wawili wanahara. Nimekosea wapi?

Daktari wa Mifugo

Acheni maziwa ya ng’ombe leo hii. Sukari iliyomo ni nyingi kuliko matumbo yao yanavyoweza kuimeng’enya, na protini na mafuta ni kidogo kuliko wanavyohitaji. Tafuteni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, au bora zaidi paka anayenyonyesha ambaye anaweza kuwakubali.

Kabla ya kuwalisha hakikisheni wana joto. Mtoto wa paka aliyepoa hawezi kumeng’enya chakula, na ukimlisha akiwa hivyo unaweza kumuua kwa nia njema kabisa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa inatosha, ikiwekwa upande mmoja wa boksi ili anayeona joto limezidi aweze kusogea. Alishwe akiwa amelalia tumbo kama anavyonyonya kwa mama yake, kamwe asilazwe chali kama mtoto wa binadamu, kwa kuwa maziwa yataingia mapafuni. Katika wiki ya kwanza ya maisha hula kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Baada ya kila mlo wapanguseni sehemu za nyuma kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, kwa kuwa katika umri huo hawawezi kukojoa wala kwenda haja bila kuchochewa, kazi ambayo mama huifanya kwa ulimi. Wapimeni kila siku kwa mizani ndogo ya jikoni. Mtoto mwenye afya huongezeka karibu gramu 10 kwa siku, na asiyeongezeka kwa siku mbili ni mgonjwa hata kama analia kwa nguvu. Hao wawili wanaohara wafikisheni kwa daktari leo, kwani katika umri huo upungufu wa maji huua kwa saa, si kwa siku.

Kuna jambo moja zaidi, na nalisema bila kumlaumu mtoto huyo wa shule, ambaye alifanya alichojua. Watoto wa paka waliokutwa peke yao mara nyingi hawajaachwa. Mama amekwenda kutafuta chakula, au anawahamisha mmoja mmoja. Ikiwa wana joto, wametulia na matumbo yao yamejaa, rudini nyuma mbali na hapo mngoje saa kadhaa. Mama akirudi, waacheni naye, mpelekeeni chakula, na akishawaachisha kunyonya mkamateni afungwe kizazi. Hapo mtakuwa mmeokoa vizimba kadhaa kwa kutofanya kitu, kazi ambayo ni ngumu sana kwa watu wanaojitolea.

Mlezi wa Paka

Hilo la mwisho nakubaliana nalo kwa mikono miwili, na nina uzoefu nalo. Mlinda Lango, niandikie faraghani. Nina maziwa ya unga yaliyobaki na usiku huwa sipati usingizi kwa vyovyote vile, kwa hiyo watatu wazima ninaweza kuwalea kwangu mpaka waanze kula wenyewe. Watatu tu. Na Bibi, kwa kuwa hukuuliza: ninao kumi na mmoja, na nilipomaliza kusoma jibu lako nilikwenda kuwahesabu.

Mlinda Lango

Nimekuandikia.

Kwa wengine, naomba niwajulishe tulipofikia. Jana jioni tulikutana tena, safari hii nikiwa nimeiandika ile hesabu ya 15 mara 3 ubaoni kabla mtu yeyote hajaketi. Ubishi uliendelea, lakini ulikuwa ubishi wa aina nyingine: nani atapita asubuhi kuuliza kila mnyama anangoja nini, na nani ana gari la kuwapeleka majike kwa daktari. Ghala tumelifunga kwa wageni liwe karantini, na paka waliokuwamo wanane wanakwenda kwa walezi wa muda kuanzia Jumatatu. Boksi lililokuwa likiachwa langoni usiku bado hatujalipatia dawa kamili. Kwa sasa tumeweka taa, namba ya simu inayopokelewa hadi saa nne usiku, na maandishi yasemayo kwamba hakuna atakayeulizwa jina. Usiku wa kwanza simu ililia mara moja. Mtu alikuwa na mbwa mwenye mimba na alitaka kujua kama tutamkaripia.

Mbwa wanne wa uani bado wamefungwa. Katika kuwapitia asubuhi ya leo tuligundua kwamba wawili kati yao hawakuwa wakingoja kitu chochote.